Figo ya mzazi au mashine: mtoto atafika wapi?

Kwa mtoto wa Siaya ambaye figo zake zimeshindwa na anasafishwa damu Kisumu, mashine ni mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, nauli na shule iliyokatizwa juu yake. Inamweka hai, lakini kimo hudumaa.

Figo ya mzazi ikipandikizwa humrudisha darasani, na mara nyingi hudumu zaidi ya miaka 10. Kazi yenyewe ni kuilinda. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo hiyo, humezwa kila saa 12. Siku ya kliniki, damu itolewe kabla ya dozi ya asubuhi. Akishameza, kipimo cha dawa kwenye damu hupanda kwa uongo na dozi hupunguzwa bure. Asipewe balungi. Akiharisha, mpeleke siku hiyohiyo: figo ya mtu mzima ndani ya mwili mdogo haivumilii ukavu.

Usitulizwe na neno “kawaida” kwenye karatasi ya maabara. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, ikiwa 90 µmol/L humfaa baba. Kwa mtoto wa sentimita 100, kiwango hicho kina maana kuwa uchujaji wa figo ni takriban 40 tu (mL/min/1.73 m²), yaani chini ya kawaida.

Hatari kubwa huja ujanani, hasa bwenini, dawa zinaporukwa kimyakimya. Hata hivyo, figo ndiyo chaguo letu, chanjo ya surua ikitangulia upasuaji, kwa kuwa ni chanjo hai na kwa kawaida haitolewi mtoto akishaanza dawa hizo.