Fundo la tatu liko wapi?

Nimesoma riwaya hii mara mbili na bado sijui nani alifungua fundo la tatu. Hasira haijanitoka mpaka leo.

Haramia, mwanamke, nahodha wa chombo chake mwenyewe, ananunua upepo kwa mchawi. Upepo umefungwa kwenye kamba yenye mafundo matatu. La kwanza linajaza tanga, la pili linakimbiza chombo, la tatu haliguswi na mtu anayetaka kurudi kwao. Mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya waliamini hivyo kweli zamani, wakanunua kamba za namna hiyo. Kurasa mia mbili unangoja fundo hilo tu. Nimekulia Matema, nimeona Ziwa Nyasa likichafuka mitumbwi ikiwa bado haijarudi, kina mama wamesimama ufukweni hawasemi kitu. Mwandishi huyu anayajua mawimbi. Ukurasa wa 208 nahodha ameshika kamba, manowari ya mfalme nyuma, miamba mbele. Nahamisha macho. Ukurasa wa 241!

Mshika usukani ameshakufa. Mlingoti hakuna. Nahodha ana jicho moja. Karatasi kumi na sita zimenyofolewa hapo katikati.

Jalada lilikuwa limeshatoka nilipokinunua, hata jina la kitabu silijui. Hilo nililiona, nikalikubali. Hizi kurasa sikuambiwa.

Nikapanda daladala Uyole mpaka Mwanjelwa, kwa yule muuza vitabu vya mtumba. Sikwenda kwa shari. Nikamsalimia, nikasema, "Kaka, kitabu hiki kina upungufu." Hakuinua hata macho kwenye simu. "Dada, ulinunua hadithi au ulinunua namba za kurasa?" Halafu akamgeukia jirani yake muuza viatu: "Eti haramia mwanamke! Hata hizo zilizobaki ni uongo mtupu." Wakacheka wote wawili.

Elfu saba yangu ningeisamehe. Neno lile hapana. Mwaka 1720 chombo cha haramia Rackham kilipokamatwa Jamaika, inasimuliwa kwamba waliosimama sitahani kupigana ni Anne Bonny na Mary Read, wanaume wamelewa, wamejificha chini. Na yule mjane wa haramia Zheng Yi kule China aliongoza mamia ya majahazi, akajisalimisha mwaka 1810 kwa masharti aliyoyataka yeye. Nilimwambia yote hayo nimesimama palepale, watu wanapita na viroba vya viazi. Akaniuliza kama nanunua kingine.

Nilitaka kuandika msikiguse. Na kweli baada ya 241 hadithi inapwaya: nahodha aliyemkatalia mfalme sasa anamwomba mtoto wa mfalme ruhusa ya kutweka tanga. Iliniudhi sana. Lakini labda aliweka ahadi mle kwenye kurasa nisizonazo, labda ndiyo bei ya lile fundo. Nitamhukumuje? Juzi nimeanza upya, nje baridi kali, na kufika 208 moyo ukanidunda vilevile.

Mkikiona kinunueni. Ila kagueni kila ukurasa mbele ya muuzaji kabla hamjatoa hela, hata akinuna. Na mwenye nakala nzima hapa Mbeya, au hata Tukuyu, naomba aniambie. Nitakuja mwenyewe, nisome 209 hadi 240 hapohapo kwake, nimwachie kitabu chake.