Uzoefu wangu na kebo ya LMR-400 baada ya kuachana na RG-58

Karibu mwaka mzima nilihangaika na antena. Nina redio ya ridhaa ya wati 25, natumia masafa ya megahezi 145, na kutoka mezani hadi juu ya mlingoti ni mita 25 za kebo. Wenzangu nilikuwa nawasikia, kwa shida kidogo, lakini wao kila mara waliniambia nakatikakatika na sauti yangu imezama kwenye mvumo. Nikashusha antena mara tatu, nikasafisha viungo, nikabadilisha nati zilizoshika kutu. Mita ya SWR, inayopima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena (1 maana yake hakuna kinachorudi), iliendelea kuonyesha 1.2, yaani karibu hakuna kinachorudi, nami nikabaki sielewi.

Siku niliyoelewa ni siku nilipoichomoa antena kule juu nikaacha ncha ya kebo wazi, kisha nikabonyeza kitufe cha kurusha kwa sekunde moja redio ikiwa kwenye nguvu yake ya chini kabisa. Kebo isiyofungwa kitu inapaswa kurudisha kila kitu, na mita ipande mpaka mwisho. Yangu ilisema 1.7. Nilikaa nikiitazama. Maana yake ni kwamba mawimbi yalikuwa yanaliwa njiani, yakipanda na yakishuka, na kiasi kinachofika kwenye mita ni kidogo mno kuweza kuishtua. Kebo mbovu huificha antena mbovu. Nilipofunga mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu yote mahali pa antena, na mita ya wati kule juu, nikarusha wati 25 kutoka chini, zilifika wati 6.

Kebo yenyewe ilikuwa RG-58, ile nyembamba ya milimita 5. Hata ikiwa mpya na nzuri, kwenye megahezi 145 hupoteza karibu desibeli 20 kwa kila mita 100, kwa hiyo mita 25 zinakula desibeli 5. Kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu, kwa hiyo ukipoteza 6 umebaki na robo. Yangu ilikuwa imefika hapo. Nilipoipasua nikaona sababu: wavu wa shaba ulikuwa umesukwa kwa nafasi kubwa kiasi kwamba plastiki nyeupe ya ndani inaonekana kila mahali, na karibu na konekta ya juu nyuzi zilikuwa nyeusi, nyingine zina ukijani, unyevunyevu. Maji yaliingia kwenye konekta, yakanywewa na wavu kama utambi unavyonyonya mafuta. Nilikata sentimita kumi, bado nyeusi. Nikakata nusu mita, bado.

Aliyeniuzia hakunidanganya jina, maana kwenye ganda limeandikwa RG-58. Tatizo ni kwamba majina haya ya RG yalitoka kwenye orodha za zamani za jeshi la Marekani, na siku hizi kiwanda chochote huyapiga chapa kwenye chochote kinachofanana. Kwa hiyo mimi sinunui tena jina. Naomba jedwali la upotevu kwa masafa yangu, halafu naomba kipande nikikate nione wavu.

Nilichochagua ni LMR-400. Unene wake ni karibu milimita 10, sawa na RG-213, ile kebo nene ya redio, lakini ndani kihami ni cha povu badala ya plastiki ngumu, na juu ya povu kuna karatasi ya alumini iliyozunguka yote kabla ya wavu. Kwenye megahezi 150 inapoteza karibu desibeli 4.9 kwa mita 100, na kwenye 450 karibu 8.9. Kwa mita zangu 25 hiyo ni desibeli moja na ushei. Nilirudia kipimo kilekile cha mzigo bandia: wati 19 juu.

Halafu nikairudisha antena, na SWR ikapanda hadi 1.8! Antena ilikuwa na kasoro muda wote, na sasa kwa mara ya kwanza niliweza kuiona. Nikaipunguza urefu milimita chache chache mpaka ikatulia kwenye 1.3. Jioni hiyo mwenzangu wa mbali, ambaye kwa miezi alikuwa ananiomba nirudie kila sentensi, aliniuliza nimenunua redio gani mpya.

Sasa mambo yasiyonifurahisha. Ni ngumu kukunja. Usiilete moja kwa moja hadi kwenye redio, itaivuta na kulegeza konekta. Mimi nimeishia ukutani, na mita moja ya mwisho nimetumia kebo laini. Waya wa kati ni mmoja mzima, wa alumini iliyofunikwa shaba, kwa hiyo haifai pale antena inapozungushwa na mota, kwa sababu ukiukunjakunja utachoka na kukatika. Na konekta zake zinataka subira: mara ya kwanza niliichana ile karatasi ya alumini nilipokuwa narudisha wavu nyuma, na mara ya pili nilikawia kuuondoa moto wa kulehemu, povu likalainika na waya wa kati ukahama kutoka katikati. Ile ya tatu ndiyo iko juu sasa, aina ya N, kwa sababu ina mpira wa kuzuia maji. Konekta za PL-259, ambazo ni aina nyingine, hazina. Hata hivyo nimeizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na chini ya konekta nimeacha kebo ining'inie kama kitanzi ili maji ya mvua yadondokee pale.

Mtu mwenye mita 3 kwenye gari asijisumbue na haya. RG-58 nzuri kwa urefu huo inapoteza kidogo mno.

Na anayesikiliza tu, bila kurusha, ana njia nyingine ambayo wengi wanaiogopa bure: RG-6 ya televisheni. Ni ya omu 75, ndiyo, na vifaa vyetu ni vya omu 50, lakini tofauti hiyo inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu ya mawimbi. Nimeifunga kwenye kipokezi changu cha megahezi 1090, cha kunasa mawimbi yanayorushwa na ndege za abiria, ambako RG-58 ingepoteza mara mbili ya RG-6 na zaidi. Angalia jambo moja tu, sogeza sumaku kwenye waya wa kati. Ukinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mawimbi ya masafa ya juu hakuna shida, kwa kuwa hayo hupita juujuu kwenye ngozi ya shaba, lakini kama unapandisha umeme wa kulisha kikuza mawimbi kule juu kwa kebo hiyohiyo, chuma kitakuangusha.

Miezi minane imepita, mvua zimenyesha. Wiki iliyopita nimefungua konekta ya juu, wavu bado unang'aa, na kipimo ni wati 19 zilezile.