TAHADHARI: Kuna jamaa anauza Winchester 1890 "ya mwaka 1897", mimi nimeshapigwa

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo mnivumilie nikirukaruka. Kuna muuzaji mtandaoni huku Marekani anauza bunduki za zamani za pampu (unavuta mshiko wa chini ya mtutu kuingiza risasi), zile ndogo za risasi ya .22, jina simtaji maana anabadilisha majina kama soksi, ila mtamjua kwa picha zake, anazilaza juu ya blanketi la kijani lililoungua kwenye kona na kila bunduki ni "ya marehemu babu". Babu gani huyo kaacha bunduki nane zote za aina moja.

Tangazo lilikuwa hivi: Winchester Model 1890, ya mwaka 1897, rangi nyeusi ya kiwandani haijaguswa, inapiga .22 Long Rifle (aina mojawapo ya risasi za .22), ni antiki kwahiyo dila (muuza bunduki mwenye leseni) hahitajiki, natuma mpaka mlangoni. Nikalipa dola 1,700. Na sikulipa kijinga jamani, nilimwomba namba ya bunduki, akanipigia picha safi kabisa, nikaicheki kwenye orodha za miaka ya Winchester ikaangukia 1897 kweli. Nikalala usingizi mzuri siku hiyo.

Sasa sikilizeni alivyonipiga. Hizi 1890 (hilo ni jina la modeli, sio mwaka iliotengenezwa), ukiacha zile za mwanzo kabisa, zinafunguka vipande viwili, kuna skrubu kubwa ubavuni unaizungusha kwa vidole, ukiivuta bunduki inaachana: huku mtutu na bodi (kile chuma cha katikati chenye mashine), huku kitako na traiga. Namba ya zamani imegongwa kwenye ule ulimi wa chuma wa chini, nyuma ya traiga, yaani iko kwenye kipande cha KITAKO. Jamaa kachukua kitako cha bunduki ya kweli ya 1897, kakichomeka kwenye mtutu na bodi ya bunduki nyingine ya miaka ya baadaye. Kwahiyo picha ya namba haikuwa ya uongo, ni nusu ya bunduki tu ndo ilikuwa ya uongo, tena ile nusu yenye thamani.

Nilijuaje? Niligeuza bodi juu chini nikamulika tochi pale mbele, karibu na mtutu unapoingia. Pana namba nyingine, ya tarakimu sita, wakati ya kitako ina tano. Winchester walikuja kuanza kugonga namba sehemu zote mbili baadaye, na zikigongwa mbili lazima zifanane. Bunduki halisi ya 1897 pale mbele panatakiwa pawe patupu.

Baada ya hapo kila nilichogusa kilikuwa kinamsuta. Juu ya mtutu na juu ya bodi kuna muhuri mdogo wa yai wenye herufi W na P ndani, huo ni muhuri wa kiwanda kwamba bunduki imejaribiwa, na Winchester walianza kuugonga mwaka 1905. Kuna za zamani zilizorudishwa kiwandani kubadilishwa mtutu zikagongwa muhuri huko, sawa, inatokea, ila sio ukiunganisha na hayo mengine. Halafu rangi. Bodi za 1890 mpaka kama 1901 hivi hazikuwa nyeusi, zilikuwa na yale madoadoa ya chuma kilichokomazwa kwa moto, bluu na kahawia na kijivu vimechanganyika kama oili ya gari juu ya maji ya dimbwi. Anayekwambia ni ya 1897 na weusi wake ni wa kiwandani anajipinga mwenyewe kwenye sentensi moja, na mimi niliisoma hiyo sentensi mara ishirini nikitabasamu.

Na weusi wenyewe ulipakwa juzi. Mtutu wa 1890 una pande nane, kona zake zinatakiwa ziwe kali ukipitisha kucha inakwama, hizi zilikuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Matundu ya skrubu yamelika pembeni yakawa kama visosi, ndo kazi ya mashine ya kung'arishia hiyo. Mbao nayo imepigwa msasa mpaka imeshuka chini ya chuma, wakati ikitoka kiwandani inakuwa imepanda juu kidogo tu, ukipitisha kidole unaisikia.

Lakini kilichoniogopesha ni hiki. Maandishi ya mtutu yalikuwa yamefifia kwa kusuguliwa, nikapaka chaki nikafuta, ikatokea 22 W.R.F. Hiyo ni risasi nyingine kabisa, ganda lake nene kuliko la Long Rifle. 1890 haikutengenezwa kupiga kila aina ya .22, kila moja ina risasi yake imeandikwa kwenye mtutu, na ya Long Rifle haikutoka mpaka 1919, yaani "1897 ya Long Rifle" haijawahi kutoka kiwandani. Nikachukua ganda tupu la Long Rifle nikaliingiza kwenye chemba, likacheza kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine. Ukifyatua hapo ganda linapasuka na moto wa gesi unarudi upande wa uso wako. Mwanangu wa miaka 14 ndo nilikuwa nimpe apige nayo kwanza. Nikifika hapo natetemeka, acha niendelee.

Suala la antiki nalo ni mtego. Sheria ya hapa inahesabu antiki ni iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma, ndo maana alishikilia 1897 kwa meno. Sasa hii yenye bodi ya baada ya 1905 imevuka jimbo kwa posta bila dila yeyote. Niliipeleka kwa dila mwenye leseni siku hiyo hiyo, mkeka wote nikamfungulia.

Na msije mkadanganyika kwamba ni adimu ndo maana bei iko juu. Kuanzia 1890 mpaka miaka ya 1930 zilitoka zaidi ya laki nane, nyingi zilikuwa za kukodisha kwenye mabanda ya kulenga shabaha, zikapigwa mpaka mitutu ikaliwa kutu ndani. Pesa inalipwa kwa ile ambayo haijaguswa, basi.

Nilimwandikia nikamtumia picha zote. Akajibu "bunduki ya miaka mia utegemee nini", kisha kanibloku. Wiki iliyopita nimeona blanketi lile lile, kona ile ile iliyoungua, jina jipya, sasa ni 1890 "ya 1896". Mwenye nia nayo amwombe picha tatu: chini ya bodi kwa mbele, juu ya mtutu kwenye maandishi, na ndani ya mtutu ukimulikwa. Mimi nilimwomba hiyo ya pili kwa akaunti ya shemeji yangu, mpaka leo "kamera imeharibika".