Babu Amejua Kuelea: Masomo ya Kuogelea Niliyoyalipia Dar, na Yale ya Bure

Nusu saa ya kwanza ilinigharimu shilingi 45,000. Kiingilio changu 10,000, ingawa sikugusa maji. Cha mtoto 5,000. Kocha 25,000. Halafu 5,000 ya kukodi bukta, kwa sababu yule kaka wa mlangoni alimwangalia mwanangu juu hadi chini akasema nguo ya pamba haiingii bwawani. Katika nusu saa hiyo mtoto alilia robo saa nzima, kocha akapokea simu mbili, na dakika zilizobaki wakazitumia kupanda na kushuka ngazi. Hoteli ni nzuri, ina minazi, ina chipsi za bei mbaya. Sikurudi.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Kimara. Mwanangu ana miaka mitano na miezi minne. Kabeba jina la baba yangu, ndiyo maana nyumbani tunamwita Babu, na mimi naitwa Mama Babu, jina ambalo kila anayelisikia mara ya kwanza hucheka. Naandika haya kwa ajili ya mzazi mwenye mfuko kama wangu, anayetaka mtoto ajue maji lakini akiuliza bei anaambiwa bei za watalii.

Kuhusu bukta, yule kaka alikuwa na haki yake. Pamba hunywa maji ikawa nzito, na nyuzi zake huziba chujio la bwawa. Nilirudi nyumbani nikatafuta vipande vya kitambaa cha kuvutika nilivyobakiza kwenye kazi ya sare za ngoma, nikamshonea bukta na fulana ya mikono mirefu. Lastiki na uzi havikufika 2,000. Ukiwa na fundi mtaani kwenu, mpelekee kitambaa usinunue dukani.

Sijui kuogelea. Nimezaliwa Bukoba, ziwa tunaliona kila siku, na sijui kuogelea. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, nilikuwa darasa la pili. Mtaani kwetu matanga yalifuatana. Tangu siku ile mama yangu hakutaka hata tukaoshe miguu ufukweni. Akiulizwa alisema ni kichocho, na kweli kichocho kipo, wale konokono wa kwenye majani ya kando ya ziwa si hadithi, lakini sisi tulijua anachokiogopa. Mwenye watoto kanda ya ziwa anayeniuliza kwa nini nalipia bwawa wakati maji ya Mungu yapo, jibu langu linaanzia hapo.

Kabla ya kupata darasa nilifanya kosa moja la Kariakoo: maboya ya mikononi, yale ya plastiki ya rangi ya chungwa, 8,000 baada ya kubishana. Boya la kushoto lilivuja siku ya pili. Ubaya wake mkubwa ni mwingine. Ukimvalisha, mtoto anasimama wima majini kama chupa, anapiga miguu kama anayeendesha baiskeli, na anaamini anaogelea. Siku moja alitaka kurukia bwawani bila hayo maboya, kwa ujasiri aliopewa na maboya. Nimeyatupa, sikumpa hata mtoto wa jirani.

Darasa lenyewe ni la Jumamosi, katika bwawa la shule moja ya binafsi upande wa Mbezi. Jina silitaji kwa kuwa nina malalamiko mawili ambayo bado hatujamalizana. Ukitaka kupata la kwenu, fanya nilivyofanya mimi: pita kwenye shule zenye bwawa Jumamosi asubuhi umuulize mlinzi wa getini. Usiulize ofisini, ofisini watakwambia bwawa ni la wanafunzi tu. Mlinzi anajua kocha gani amekodi bwawa, saa ngapi, na anachukua watoto wa umri gani. Wangu alianzia miaka minne.

Bei ni 80,000 kwa Jumamosi nane, dakika 45 kila siku. Watoto wanane, kocha mmoja na dada msaidizi. Niliomba kulipa mara mbili, akakubali bila maneno.

Jumamosi ya kwanza hakuna mtoto aliyeogelea. Walikaa ukingoni, miguu majini, kila mmoja na kopo, wakajimwagia maji mabegani, kisha kichwani, kisha usoni. Basi. Nilijisemea pesa imeliwa. Ya pili wakapuliza mapovu. Kocha akaja kwa wazazi akasema, "Mama Babu, kazi ya nyumbani ni beseni." Alimaanisha beseni lilelile la kufulia. Mtoto anavuta pumzi kwa mdomo, anatia uso, anaitoa pumzi kwa pua na mdomo huku anahesabu. Jioni tano kwa wiki, dakika tano, mimi nikiwa nimekaa naye hapo hapo, halafu maji yanamwagwa. Beseni halikai na maji nyumbani kwangu, wala ndoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Ndoo na karo la uani vinanitisha kuliko bahari.

Jumamosi ya tatu ndiyo niliyoanza kumwelewa kocha. Aliwashikisha watoto ukingo wa bwawa, wakatembea kwa mikono kuuzunguka, akauita mwendo wa kaa. Babu aliupenda mpaka nyumbani akawa anatembea hivyo kwenye ukuta wa sebule. Baadaye ikaja kuelea chali: kichwa cha mtoto begani kwa kocha, masikio ndani ya maji, tumbo juu, macho angani. Wengi hulia hapo, kwa sababu masikio yakiingia maji dunia inanyamaza. Babu alilia kidogo. Kocha hakumlazimisha, alimwimbia. Nimeona makocha wa kuzamisha kichwa kwa nguvu "azoee", na sitaki mmoja wao amguse mwanangu.

Somo ambalo kwangu lilirudisha pesa yote ni la wiki ya sita: ruka, geuka, shika ukuta. Mtoto anaruka kutoka ukingoni, anazama, anaibuka, anageuka alikotoka na kushika. Mtoto mdogo akianguka bwawani kwa kawaida huangukia karibu na ukingo. Anayejua kugeuka ana ukuta hatua moja nyuma yake. Walilirudia mpaka likawa mchezo, na siku ya mwisho walilifanya wakiwa wamevaa fulana na kaptura zao za kawaida, kwa idhini ya mwenye bwawa, ili waonje uzito wa nguo zilizolowa.

Sasa malalamiko. La kwanza, foleni. Watoto wanane na mikono ya kocha miwili. Niliwasha saa ya simu Jumamosi moja: katika dakika 45 Babu alikuwa mikononi mwa kocha dakika saba. Zilizobaki alishika ukingo au alikaa juu ya zege akisubiri, na mwezi wa saba asubuhi hiyo si Dar ya joto tunayoijua, midomo ya watoto ilikuwa ya zambarau. Nilianza kubeba taulo mbili na chupa ya chai ya maziwa. Dada msaidizi angeweza kuwachukua wanne, lakini kazi yake ilikuwa kupiga picha za kutuma kwa wazazi. Picha ni nzuri, ninazo arobaini na kitu.

La pili, Jumamosi moja shule ilikuwa na mahafali, darasa likafutwa, na hatukufidiwa. Kwa hiyo nililipia nane nikapata saba. Uliza hilo kabla hujatoa hela, na uandikiwe.

Maji yao lakini sina neno. Kipimo alinifundisha kocha mwenyewe: simama upande wa kina kirefu uangalie sakafuni, kama huoni vizuri kile kichujio cha chini, usimwingize mtoto. Kwao unakiona mpaka matundu yake. Na bwawa linalonuka dawa hadi getini, kama lile la hoteli, usidhani ni safi zaidi. Harufu ile hutokea dawa inapokutana na jasho na mikojo.

Dakika saba kwa wiki hazimtoshi mtoto. Hapo ndipo Kigamboni ilipoingia. Jirani yangu wa zamani alihamia huko, na baba yake ni mvuvi aliyestaafu. Nilimwomba nikiwa na aibu, akasema mlete. Tunapanda mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, tunavuka na pantoni kwa 200, na upande wa pili bajaji. Mzee hakutaka hela. Safari ya tatu nilimpelekea kilo mbili za sukari, hizo akapokea. Yeye anamwita mwanangu Babu, mwanangu anamwita babu, na ukiwasikia majini hujui nani anamfundisha nani.

Mzee hapangi siku kwa kalenda, anapanga kwa mwezi. Bamvua hataki kusikia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, mkondo unavuta, na yakipwa unatembea juu ya mawe yenye wale viumbe wa baharini wa miiba myeusi mpaka uchoke. Anataka maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haina haraka. Siku hizo maji yalikuwa yanajaa mnamo saa nne asubuhi, saa nzuri kwa mtoto na kwa mtu anayetoka Kimara. Nimeishi Dar miaka kumi na minne, sikuwahi kujua kwamba ufukwe una ratiba kama daladala.

Anamlaza chali maji yakiwa kiunoni mwake, kiganja kimoja chini ya kisogo, anaongea naye habari za samaki, na kiganja kinashuka polepole bila kutangazwa. Maji ya chumvi hubeba kuliko ya bwawa, na mtoto aliyekuwa anazama miguu Mbezi, Kigamboni alielea mara ya pili tu. Sheria zake ni tatu, na hana mjadala: mnaogelea sambamba na ufukwe bila kuelekea nje, chochote cha kujaza upepo kinabaki nyumbani, maana umande, ule upepo wa asubuhi, unavuma kutoka nchi kavu na utakisukuma kilindini na mtoto juu yake, na asiyejua kuogelea, yaani mimi, haingizi mtoto baharini peke yake hata magotini. Hiyo ya mwisho aliisema akinitazama.

Bahari ina yake. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, alimgusa Babu mguuni, akalia hadi tunapanda pantoni. Mwezi mmoja kusi ilivuma tukafika, tukatazama mawimbi, tukala mihogo ya kukaanga, tukarudi. Wala si kila mtu ana mzee wa aina hii. Ufukweni utakutana na vijana wanaojitolea kufundisha kwa 5,000. Wapo wanaojua kazi, ila mwambie kwanza aelee yeye chali dakika mbili bila kusogeza mikono. Mmoja nilimwomba hivyo akacheka, akaondoka.

Ukinipa 45,000 leo sirudi kwenye minazi. Ningelipia nusu ya zamu ya Jumamosi, na kilichobaki kingetosha nauli za Kigamboni. Babu sasa anaelea chali huku kocha akihesabu hadi thelathini, anaruka na kushika ukuta, na anaogelea kifudifudi umbali wa kama hatua zangu sita kabla hajanyanyua kichwa. Simwiti mwogeleaji. Bado nakaa ukingoni, simu ikiwa kwenye mkoba.

Tumejiandikisha zamu ya pili, safari hii niliandikiwa kwenye risiti kwamba siku ikifutwa inafidiwa. Kocha ana kundi la watu wazima Jumapili saa moja asubuhi, nimejishonea nguo, ila darasa bado sijalilipia. Jioni beseni likitoka, Babu ananisimamia yeye: "Mama, toa pumzi kwa pua, usibane." Kwa mtakaolipata bwawa letu kupitia mlinzi wa getini, darasa ni saa tatu lakini fikeni saa mbili na nusu. Upande wa wazazi kuna mwembe mmoja, na kivuli chake kinatosha watu sita.