Mtego wa nzi wa mfuko, baada ya miezi miwili kibandani kwangu Kariobangi

Nauza madondo, chapati na chai. Kila miezi 6 sisi wapishi hupimwa choo ili tupate cheti cha afya, na mara ya mwisho mimi na msichana ninayefanya naye kazi tulipatikana na amiba, kijidudu cha tumbo cha kuharisha, sote wawili. Niliumia sana. Maji nachemsha, mikono nanawa kwa sabuni. Yule wa maabara akaniuliza, "Mama, na nzi je?"

Akanieleza kwamba nzi hatafuni. Hula vya majimaji tu, kwa hivyo akitua juu ya chapati huitemea kwanza ili ilainike, na anachotema kimetoka tumboni, pamoja na alichokinyonya chooni. Amiba na jiadia, kijidudu kingine cha kuharisha, anazoleta hivyo zinaambukiza papo hapo. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumbo nayo hubeba, ila hayo hukaa kwanza wiki kadhaa udongoni ndipo yawe na madhara. Tangu siku hiyo nikimwona nzi akisugua miguu ukingoni mwa sufuria, moyo unanienda mbio.

Basi nikanunua mtego Kamukunji, shilingi 350: mfuko wa nailoni, mfuniko wa manjano wenye matundu, na chambo cha unga ndani. Unatia maji mpaka kwenye mstari, unatundika. Nzi hufuata harufu, huingia, hapati pa kutokea, huzama.

Muuzaji aliniambia niutundike juu ya meza ya kuuzia. Msifanye hivyo! Kile chambo kinanuka samaki aliyeoza, na kwa siku mbili kiliniitia nzi wa mtaa mzima. Fundi viatu anayekunywa chai kwangu kila asubuhi alibeba kikombe chake akaenda kunywea kwake. Siku ya tatu niliuhamishia ukuta wa nyuma, hatua ishirini hivi kutoka jikoni, upande wa pipa la taka, panapopigwa na jua. Hapo ndipo ulipofanya kazi. Siku ya tisa tabaka la nzi lilikuwa jeusi, nene kama vidole viwili. Jioni wakati wa kupika chapati nilikuwa nahesabu nzi thelathini mezani. Sasa ni watano, sita.

Ubaya wake ni bei. Ukijaa unautupa, na kwangu unajaa kwa wiki tatu. Wa pili nilijitengenezea kwa mtungi wa mafuta wa lita 5 na vichwa vya omena. Unanasa, ila si kama ule.

Tena mtego huua nzi waliokwisha kuzaliwa tu. Jike mmoja hutaga mayai kama mia kwa mkupuo, na kukiwa na joto yai huwa nzi mzima kwa siku 7 hadi 10. Taka za ploti yetu zilikuwa zikikaa karibu wiki mbili. Tulikuwa tunawafuga wenyewe! Tulikaa na majirani, sasa tunachanga, kijana wa mkokoteni anazichukua Jumatatu na Alhamisi. Bomba la hewa la choo nalo tulilifunga wavu juu: nzi aliye shimoni hufuata mwanga wa bomba, hukwama pale, hufia humo. Mlango wa choo lazima ufungwe, la sivyo mwanga unamtoa kupitia mlangoni.

Ile taa ya buluu ya umeme siitaki karibu na chakula. Inampasua nzi na vipande vinaruka.

Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue kawa ya wavu ya kufunikia chapati. Yangu ilikuwa shilingi 200, na hiyo haijaisha. Tulimeza dawa, tukapimwa tena, tuko safi sote wawili. Mtego nitanunua mwingine mvua zikianza, na utakwenda moja kwa moja ukuta wa nyuma.