Mashine ya kuchomelea bodi ya gari la zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Datsun 240Z lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, lakini bati la paneli zake halifiki hata milimita moja. Ford Escort la enzi hizo ni vivyo hivyo. Hapo ndipo wengi wanaofufua magari ya spoti uani kwao Nairobi hupotezea pesa: mtu ananunua mashine inayofaa kutengeneza geti, halafu bati la gari linatoboka kila analigusa.

Muuzaji atakutajia ampea za juu: 200, 250, 300. Wewe muulize za chini. Kwa chuma cha kawaida, kadiria ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Bati la milimita 0.8 linataka kama 32. Mashine isiyoshuka chini ya ampea 50 haifai bodi, boksi lake liandikwe lolote.

Stima ya nyumbani inatosha. Soketi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani kama kilowati 3.1 kwa volti 240. Ukichomelea bati kwa ampea 40 na volti 16, moto wenyewe unakula wati 640. Ongeza unaopotea ndani ya mashine, bado uko karibu na kilowati moja. Ni ukiipandisha hadi ampea 160 ndipo fyuzi itakatika. Kama gari liko mbali na soketi, tumia kebo ya milimita mraba 2.5 na uifungue yote. Kebo iliyozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki iyeyuke.

Huu hapa mpangilio wetu, kuanzia ya kununua kwanza.

1. MIG ya gesi, ya inveta (nyepesi, inayogeuza stima kwa elektroniki)

Hii ndiyo mashine ya bodi. Waya hutoka wenyewe kwenye tochi (ule mpini unaoushika), gesi inafunika moto, na unaweza kuchomelea kwa sekunde moja kisha ukaachia. Uwezo huo wa kuachia haraka ndio unaookoa bati lisijikunje.

Tafuta inayoshuka hadi ampea 30 na kupanda hadi 160 au 180. Soma kibati cha takwimu nyuma ya mashine. Ukiona 60% kwenye ampea 90, maana yake katika kila dakika kumi unaweza kuchomelea sita kwa nguvu hiyo, nne ipoe. Kwa bodi hutafika huko. Angalia pia kama inavumilia volti kupanda na kushuka kwa asilimia 15, kwa sababu kwenye mitaa mingi stima hulegea jioni watu wakipika, na moto wako hulegea nayo.

Tochi iwe ya kuchomoka. Mashine nyingi ndogo huja na tochi iliyofungwa moja kwa moja, na mrija wa ndani unaopitisha waya ukichakaa inabidi ufungue mashine nzima. Ile yenye kiungo cha Euro unaifungua kwa mkono na kuweka nyingine.

Waya uwe wa milimita 0.6, aina ya ER70S-6, yaani wa chuma cha kawaida. Maduka mengi yatakusukumia wa 0.8 kwa kuwa ndio unaouzika zaidi. Wa 0.8 unafaa kuanzia milimita 1.2 kwenda juu. Kwenye paneli ya mlango unadai joto zaidi kuliko bati linavyoweza kubeba. Ukibadilisha waya badilisha na rola (gurudumu linalousukuma) pamoja na ncha ya shaba zilingane nao. Nunua ncha kumi kwa mara moja, zitaungua.

Gesi ndiyo gharama ambayo watu husahau, na mtungi wake unaweza kukaribia bei ya mashine. Kabla hujalipia chochote, zungukia wauzaji wa gesi za viwandani Industrial Area, uulize kama mtungi unanunuliwa au unakodishwa, na kuujaza ni pesa ngapi. Kaboni dayoksaidi tupu inafanya kazi na huwa nafuu, ila inarusha cheche nyingi na kuzama sana, hivyo bati jembamba linatoboka upesi. Mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 hadi 20 ndio mtulivu. Fungulia lita 8 hadi 10 kwa dakika. Mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa hadi baa 150 una gesi ya takriban lita 1,500, sawa na dakika 150 za kushika kitufe, na kazi ya bodi ni ya kushika sekunde moja moja. Utadumu sana, mradi ufunge valvu ya mtungi kila jioni na upake viungo maji ya sabuni kutafuta uvujaji.

2. TIG ya DC

Hapa moto hutoka kwenye sindano ya tungsteni, na waya wa kujazia unaushika kwa mkono mwingine. DC ni umeme unaokwenda upande mmoja. Mshono wake ni laini na unaweza kuupiga nyundo ukawa sawa na paneli. Ule wa MIG ni mgumu, na dawa yake ni grainda. Kwa kingo za boneti au madigadi linaloonekana pande zote, hakuna inayoishinda TIG.

Tumeiweka ya pili kwa sababu inadai mikono yote miwili, chuma kisicho na doa mbele na nyuma, na vipande vilivyogusana bila mwanya. Ukiwa chini ya gari unaziba sakafu iliyoliwa na kutu, hali hizo hazipatikani. Pia ni ya polepole, kwa hiyo joto linatambaa mbali. Ukiichukua, iwe na pedali ya mguu, sindano ya tungsteni ya milimita 1.6 na agoni safi.

3. MIG bila gesi

Inavutia kwa kuwa huhitaji mtungi, na upepo wa uani hauisumbui. Waya wake una dawa ndani, na kwa kawaida hauwi mwembamba kuliko milimita 0.8. Unachoma kwa joto zaidi na kuacha gamba la kugongwa. Itumie kwenye chesisi na mabano ya milimita 1.5 kwenda juu.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi hapa ni kufunga vibaya nyaya za umeme za mashine. Kwa waya usio na gesi, tochi inakaa kwenye hasi; kwa waya wa gesi, kwenye chanya. Ukizikosea, moto unatapatapa na mshono unakaa juu ya bati kama tone la nta. Watu hurudisha mashine dukani wakidhani ni mbovu. Kama pesa haitoshi mtungi sasa, nunua mashine inayokubali njia zote mbili na uongeze gesi baadaye.

4. Oksijeni na asetilini

Mafundi wa jua kali wenye mkono mzuri hufanya maajabu nayo, lakini kwa anayeanza nyumbani joto linasambaa na paneli inafanya mawimbi. Mtungi wa asetilini lazima usimame wima, shinikizo la kutoka lisizidi baa moja, na mafuta au grisi visiguse kamwe vifaa vya oksijeni. Kwenye ploti yenye majirani na watoto, tungesema hapana. Boliti ikikwama, mlipe fundi aje aipashe.

5. Ya stiki

Rodi ya milimita 2.5 inataka ampea 60 hadi 90. Hesabu iko wazi. Iache kwa stendi za kuinulia gari.

Ukifika dukani

Beba vipande vya bati la geji 20, ambalo ni kama milimita 0.9. Iwe Kirinyaga Road au Industrial Area, omba uwashiwe na uchomelee vipande viwili vilivyoachiwa mwanya wa unene wa waya. Duka lisilokubali kujaribiwa, lipite.

Kwenye gari lenyewe

Kata hadi chuma king'avu, sentimita mbili zaidi ya kutu inapoishia. Gari lililokaa Mombasa lina chumvi ndani ya mikunjo, kwa hiyo tarajia kukata zaidi kuliko lile lililokaa Nairobi. Palipokuwa na nukta za kiwandani (vidoa ambapo kiwanda kilichomelea bati mbili pamoja), zitoboe kwa drili ya milimita 8. Kwenye paneli mpya toboa matundu ya milimita 6 na uyajaze kwa kuchomelea. Kwenye mshono mrefu piga nukta kila milimita 25 hadi 30, kisha rukaruka: moja kushoto, moja kulia, usirudi palepale mpaka mkono uweze kupagusa. Shikilia kipande cha shaba nyuma ya mwanya. Shaba haishikani na chuma, na inanyonya joto.

Kingo za chini ya milango ndizo zinazobeba gari, hasa lisilo na paa kama MGB. Usizikate kabla ya kuegemeza bodi vizuri na kufunga mirija ya mraba ya milimita 25 ndani ya tundu la mlango. Usipofanya hivyo bodi itainama milimita chache, na mlango hautafunga tena.

Chomoa betri na waya wa olteneta. Toa tangi la petroli kabisa, kwa maana tangi tupu lina mvuke unaolipuka. Usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini, kwani joto huigeuza fosijini, gesi ya sumu. Lami ya kuzuia kelele sakafuni huwaka polepole usiione, kwa hiyo weka ndoo ya maji karibu, na baada ya nukta ya mwisho kaa na gari nusu saa, ukipapasa chini ya zulia na nyuma ya dashibodi.