Raki ya kunyanyulia vyuma nyumbani: ninayoiweka mbele na ninayoiweka mwisho

Wengi wanaotaka kununua raki, yaani fremu ya chuma ya kuegeshea uzito unaonyanyuliwa, huuliza kwanza inabeba kilo ngapi. Mimi huuliza: siku mzigo ukikushinda na uko peke yako, nani ataupokea?

Nilianza na vile vistendi viwili vya kuegeshea mtaimbo, ule ufito mrefu wa chuma unaovalishwa uzito, visivyo na kinga yoyote. Jioni moja nimelala kwenye benchi nikiusukuma juu, rudio la mwisho likagoma katikati na mtaimbo ukarudi kifuani. Vibanio vinavyozuia sahani, yaani vyuma vya duara vya uzito, nilikuwa nimevikaza pande zote mbili, kwa hiyo hata kuuinamisha ili sahani zichomoke upande mmoja haikuwezekana. Nikauviringisha taratibu, kifuani, tumboni, mpaka nyongani, ndipo nikaweza kuketi. Vistendi vile vilidai kubeba zaidi ya kilo 200 na wala havikudanganya. Ila wakati ule mzigo haukuwa juu yao, ulikuwa juu yangu.

Basi mpangilio wangu unaanza na kinga. Nafasi inafuata. Rangi na nembo hazimo.

1. Kizimba cha nguzo nne

Nguzo nne, wewe katikati. Pini mbili ndefu, au mikanda miwili minene, hupita kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto. Ukishindwa kuinuka kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka mtaimbo ukiwa mabegani, unashuka mpaka mtaimbo utue, kisha unatoka chini yake. Uyumbe mbele, uyumbe nyuma, bado uko ndani. Kwa anayefanya mazoezi peke yake sijaona cha kushindana na hiki.

Lakini pini zikikaa mahali pasipofaa, kizimba ni pambo. Kabla hujatia sahani hata moja, lala kwenye benchi na mtaimbo mtupu, kifua umekitunisha na mgongo umeupinda kama unavyofanya ukiwa na mzigo. Pini zikae chini kidogo ya pale mtaimbo unapogusa kifua. Sasa toa pumzi yote, ulegee, ulale bapa: mtaimbo unatakiwa ukalie pini, na shingo yako ibaki na nafasi ukiusogeza huko. Kati ya hali hizo mbili kuna sentimita chache tu, na ndiyo maana umbali wa tundu hadi tundu la pini kwenye nguzo si jambo dogo. Raki nyingi zina tundu kila sentimita 5. Baadhi huyasogeza yakaribiane, kila sentimita 2.5, katika eneo la benchi, na hizo ndizo ningeongezea pesa. Kama matundu yamekukataa, inua benchi kwa kipande cha mkeka mgumu wa mpira.

Pini au mikanda? Vyote vinafanya kazi. Mikanda haipigi kelele na haiukwaruzi mtaimbo. Pini hazichakai kirahisi. Kama kuna mtoto amelala chumba cha pili, jibu unalo.

Kina cha ndani cha sentimita 60 kinatosha kwa kubanana. Ukipata 75 unapumua. Vipo pia vya nguzo sita, mbili za nyuma zikiwa za kuhifadhia sahani: vizuri kwa sababu uzito ule unakituliza kizimba, ila vinakula chumba.

2. Nusu raki yenye mikono

Hapa unanyanyulia nje ya nguzo, na mikono miwili ya chuma imechomoza mbele kukudaka. Inachukua nafasi ndogo na haikufungii ndani, jambo ambalo warefu wengi hulipenda. Kasoro ni kwamba mkono umeshikwa upande mmoja tu: mzigo ukitua kwenye ncha, raki nzima inataka kuinama mbele. Kwa hiyo ifungwe sakafuni kwa bolti, au sahani zihifadhiwe nyuma yake kama uzito wa kuituliza. Na mikono iwe mirefu. Mikono mifupi inakulazimisha kukumbuka umesimama wapi wakati ule ambao hukumbuki hata hesabu ya marudio.

3. Raki ya kukunjwa ukutani

Ukimaliza unaikunja kama mlango, chumba kinarudi kuwa chumba. Hii naipenda kuliko nafasi niliyoipa, ila inategemea ukuta wako kuliko ubora wake. Zege au tofali gumu lisilo na uwazi, sawa. Tofali lenye matundu ndani, au ukuta wa mbao uliofungwa bila kulenga nguzo zake, achana nayo. Mpangaji naye amuulize mwenye nyumba kabla ya kushika drili.

4. Vistendi

Vinafaa kwa kusukuma uzito juu ya kichwa na kwa skwati nyepesi. Kwa benchi, umeshasikia habari zangu. Ukilazimika, chukua vilivyounganishwa chini kwa boriti na vyenye mikono ya kudakia. Viwili vinavyosimama kila kimoja kivyake sivipendekezi kwa mtu yeyote.

Mashine ambayo mtaimbo wake hupanda na kushuka kwenye reli sijaiweka kwenye orodha. Ina matumizi yake, lakini reli inakufanyia kazi ya kusawazisha, na ukizoea hivyo mtaimbo huru utakushangaza.

Chuma chenyewe

Nguzo nyingi ni bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, au 75 kwa 75 kwa zile nzito. Uliza unene wa ukuta wa bomba. Milimita 2 inamtosha anayeanza. Milimita 3 hutafikiria tena kubadilisha. Wengine huandika geji, na hapo usichanganyikiwe: namba ndogo ndiyo chuma kinene. Geji 11 ni kama milimita 3, geji 14 ni kama 2.

Mtego mmoja: raki ya milimita 75 na ya inchi 3 si kitu kimoja, maana inchi 3 ni milimita 76.2. Tofauti hiyo ndogo inatosha kifaa cha ziada kikwame nguzoni au kicheze. Pima na kipenyo cha matundu pia, kwani yapo ya karibu milimita 16 na ya 25.

Tepu ya kupimia kabla ya pochi

Mtaimbo wa kilo 20 una urefu wa sentimita 220, na unahitaji nafasi ya kusimama na kuvalisha sahani kila upande. Upana wa mita 3 ndio ninaouita salama. Mitaimbo mifupi ya mita moja na nusu mingi haifiki kulabu zote mbili za kuegeshea mtaimbo kwenye raki ya kawaida, kwa hiyo ikague kwanza. Juu nako: sahani kubwa ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo ukinyoosha mikono mtaimbo unaongezewa kama sentimita 23 za sahani. Simama, nyoosha mikono, ongeza hizo, halafu angalia dari. Na pangaboi.

Ukinunua iliyotumika, kutu ya juujuu isikutishe, inasuguliwa. Kagua penye kuchomelewa kama pana ufa, viringisha pini sakafuni uone kama imepinda, na tazama kama matundu yamevutika yakawa ya yai.

Siku ya kuifunga, tia bolti zote kwa mkono kwanza, spana baadaye. Mimi nilikaza kila nati nilipoifikia, boriti ya mwisho ikakataa kuingia kwa upana wa kucha, nikafungua zote na kuanza upya.